Fundi picha wa Ngamiani anauliza: niuze studio ninunue bajaji?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina studio ya picha hapa Ngamiani, Tanga, tangu 1998. Nilikuwa na vijana watatu, leo nimebaki mimi na binti mmoja wa kaunta. Watu wanajipiga wenyewe kwa simu. Harusi zimechukuliwa na vijana wenye kamera mpya. Mwezi uliopita mteja kanionyesha picha yake ya pasipoti saizi iliyotengenezwa na programu ya simu, kavalishwa suti ambayo hana. Mwanangu ana miaka 24, anasema tuuze vifaa tununue bajaji. Jirani anasema nikope ninunue droni. Mimi nina miaka 54. Nishike lipi? Na yale maboksi ya mikanda ya picha za zamani, yaani negativu, yaliyojaa stoo, niyachome?

JIBU: Marahaba, Fundi. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililonishtua: usichome hata negativu moja. Sababu nitakueleza huko mbele. Kwanza tuzungumze hiyo bajaji na hiyo droni.

Na kabla ya hapo nikiri kosa langu, upate kujua unapokea ushauri wa mtu wa namna gani. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Kabla yake intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Ungefungua barua pepe moja, ukaenda kuswali, ukarudi ukaikuta bado inafunguka. Wakati huo nilikuwa namshauri bwana mmoja mwenye intaneti kafe ya kompyuta 8. Nikamwambia aongeze 6, kwa kuwa intaneti itashuka bei na wateja watafurika. Bei ilishuka kweli. Nisichokiona ni kwamba kitu kikishuka bei vya kutosha, mteja hakifuati tena dukani kwako, anakibeba mfukoni. Miaka michache baadaye viti vyote 14 vilikaliwa na vumbi. Mabadiliko yaliyomnenepesha mwaka wa kwanza ndiyo hayo hayo yaliyomkondesha.

Aliyemwokoa si mimi. Ni mama mmoja aliyeingia na simu yake nzuri, bando limo, akaomba asaidiwe kumjazia mwanawe fomu ya Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu. Mtandao alikuwa nao. Aliogopa kukosea, maana tarakimu moja ya namba ya mtihani ikipinda, mtoto anaweza kukosa mkopo. Bwana yule akamjazia. Kesho yake mama akarudi na jirani yake, na jirani akaleta wengine. Leo pale pana kompyuta tatu tu, skana, printa na mashine ya laminesheni, na msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ukifika hafungi mpaka saa nne usiku. Intaneti haiuzi tena. Anauza kutokosea.

Nimekusimulia haya kwa kirefu kwa sababu jibu lako limo humo. Kila kazi ina kitu chake kilicho adimu, na mteja hulipia hicho hata kama risiti imeandikwa kingine. Ikija teknolojia mpya, au uchumi ukigeuka, uadimu huo huhama. Mwenye biashara inampasa aulize umehamia wapi. Wengi wetu tunakimbilia kuuliza kifaa gani kipya kimetoka.

Tuitazame studio yako. Mwaka 1998 kilichokuwa adimu ni kamera yenyewe, mkanda, na mtu anayejua kusafisha. Mkanda ulikuwa wa picha 36 na hukuthubutu kupoteza hata moja. Mteja alisimamishwa mbele ya pazia lililochorwa maua au ndege, akaambiwa inua kidevu, usipepese, kisha akasubiri siku tatu mpaka mkanda uishe. Ukiwa na kamera mtaani ulikuwa mtu. Zikaja kamera za kidijitali, mkanda ukafa, wewe ukabaki, maana uadimu ulikuwa umehamia kwenye kuchapa: wenye kamera zao walikuja kwako na memori kadi. Halafu ikaja simu ya kioo kikubwa, watu wakaona kumbe picha haihitaji karatasi. Hapo ndipo ulipoanza kusikia baridi.

Ila simu unaibebesha dhambi za wengine pia. Vitambulisho vya Taifa vilipoanza kutolewa mwaka 2013, NIDA walikuja na kamera zao. Uandikishaji wa wapiga kura wa 2015 kwa mashine za BVR, zile za alama za vidole na picha, kamera zao. Leseni ya udereva, unapigwa picha hapo hapo kwenye meza ya ofisa. Kila meza iliyofungwa kamera ndogo iliondoka na foleni iliyokuwa inaanzia mlangoni kwako. Nakwambia haya ili usije ukashindana na adui asiye wako.

Wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo sihitaji kukupeleka mbali kutafuta mfano. Mkonge uliletwa huko mwaka 1893 na Richard Hindorf, na miche 62 iliyofika ikiwa hai ndiyo iliyoanzisha mashamba. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inazalisha takribani tani 230,000, hakuna aliyetufikia duniani. Kisha ikaingia kamba ya plastiki, ya polipropilini, bei ikaanguka. Na sisi nyumbani tukachangia kwa namna tulivyoyaendesha mashamba baada ya kuyataifisha. Mpaka leo utasikia wazee wakisema plastiki iliua mkonge. Ukichunguza, plastiki iliua kazi moja: kamba ya kufungia marobota ya nyasi kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Katani yenyewe, yaani nyuzi za mkonge, ina kazi zake hadi leo. Fundi wa jipsamu anaichanganya kwenye dari ili isipasuke. Viwanda vinaitumia kung'arishia chuma. Ule ubao wa vishale unaouona kwenye mabaa ya Uingereza ni nyuzi za mkonge zilizoshindiliwa. Mashamba yaliyokaa kusubiri kamba irudi ndiyo yaliyoota vichaka.

Vijana watakusimulia habari ya Kodak, kampuni ya Marekani ya kamera na mikanda, kwamba ililala usingizi ikaamka imefilisika Januari 2012. Si kweli kwamba ililala. Kamera ya kwanza ya kidijitali ilitengenezwa humo humo Kodak na mhandisi wao Steve Sasson mwaka 1975, na baadaye kampuni iliziuza kwa wingi. Tatizo ni kwamba faida yake ilikuwa kwenye mkanda, karatasi na dawa za kusafishia, na kamera mpya haikuhitaji hata kimoja. Wenzao wa Fujifilm, Japani, walijiuliza swali la kifundi zaidi: sisi tunajua nini? Walijua kolajeni, ile protini iliyomo kwenye ngozi, maana jelatini ya mkanda hutokana nayo, na walijua namna ya kuzuia rangi isichakae. Mwaka 2007 wakazindua vipodozi vya ngozi vya Astalift. Sikuambii ukauze mafuta ya uso. Nataka ujiulize swali hilo hilo: ukinyang'anywa kamera, unabaki unajua nini? Mimi nakujibia: unajua mwanga. Unajua kumtuliza mtu mwenye haya mbele ya lenzi. Unaijua mitaa yote ya Ngamiani na nani alimwoa nani.

Sasa kabla hujauza wala hujanunua, nenda kanunue daftari la kawaida. Kwa siku 60, wewe na binti wa kaunta, andikeni kila anayeingia amesema nini kwa maneno yake mwenyewe. Andikeni alichoomba, si mlichomuuzia. "Nataka picha ya fomu ya ajira, wameniambia nyuma iwe nyeupe." "Naomba unipunguzie ukubwa, mtandao unaikataa." "Una picha ya marehemu baba? Ulimpiga wewe." Na mtu aliyeondoka mikono mitupu, andika alitaka nini. Wafanyabiashara wengi hawaandiki hilo, wakati mteja aliyekosa ndiye anayekuonyesha uadimu ulipohamia.

Pembeni andika saa zilizotumika, karatasi, wino, umeme wa LUKU na nauli. Nikupe mfano, namba weka zako. Tuseme harusi unalipwa 300,000. Msaidizi 50,000, nauli 30,000, albamu 90,000, mkononi 130,000. Umekaa ukumbini Jumamosi nzima, ukaamka Jumapili kuchagua picha, ukakesha siku mbili kuzirekebisha: saa 26. Ni shilingi 5,000 kwa saa, bado hujahesabu mara mbili ulizofuatilia salio la kamati. Picha za fomu 4,000, toa 800 za karatasi na wino, inabaki 3,200. Ukiwapata wateja wawili tu kwa saa una 6,400 na usiku umelala. Huenda unaililia harusi ambayo ilikuwa inakula mtaji wako. Huenda sivyo. Daftari litakwambia, mimi siwezi kukwambia nikiwa huku.

Haya, bajaji. Mwanao hakosei kuona kwamba bajaji inaleta fedha kila jioni. Anakosea akidhani huko hakuna mabadiliko. Dar es Salaam tayari kuna bajaji za gesi na za umeme, na kila bajaji mpya inayoingia barabarani inagawana abiria wale wale. Na yeye ni kijana anayejua simu na kompyuta kuliko wewe. Ukimweka kwenye usukani unaupoteza ujuzi ambao studio yako haina. Wazee wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nami naongeza: mbachao nao huoza usipoanikwa.

Droni ni nzuri, sikatai. Lakini waliofaidi ni wa kwanza mjini, walipotoza watakavyo. Kitu ambacho yeyote mwenye fedha anaweza kukinunua dukani hakikutofautishi na mtu kwa muda mrefu. Juu yake kuna usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ikidondoka kwenye mnazi hujui unaanzia wapi. Kodisha kwa kijana anayeishi kwayo, jumlisha gharama kwenye bei ya mteja, basi.

Na mkopo? Usikope kununua kifaa kinachoshuka thamani haraka kuliko marejesho. Nakuomba hasa ukae mbali na kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonga, ya mtaani na ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, usidhani zimekwisha. Ikibidi mtaji, mwanao na wenzake wanaweza kujiunga kikundi wakaomba mkopo usio na riba wa halmashauri. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa, asilimia 4 ni ya vijana. Njia ni ndefu na vikao ni vingi, lakini hakuna atakayekuja kubeba friji yako.

Basi uadimu wa Ngamiani leo uko wapi? Kwa ninavyoona nikiwa huku, sehemu moja iko kwenye fomu za mitandaoni. Ajira, mikopo, vyuo, viza: kila mtandao unataka picha ya vipimo vyake, rangi yake ya nyuma, uzito wake wa kilobaiti. Hiyo programu iliyomvalisha mteja wako suti haijui ubalozi fulani unakataa picha iliyochezewa. Wewe jua. Bandika ukutani jedwali la vipimo vya kila ofisi, lisahihishe kila wanapobadilisha, na mwambie mteja: ikikataliwa, narudia bure. Hapo unauza kutokosea, kama yule bwana wa intaneti kafe. Akili mnemba (AI) itumie kama kijana wa kazi: ikufutie kivuli ukutani, isimguse mtu usoni.

Sehemu ya pili iko nje ya mtaa. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapo kwenu, na bandari yenu imeongezwa kina. Makandarasi, na wanaowauzia makandarasi chakula na matofali, wanahitaji vitambulisho vya wafanyakazi na picha za maendeleo ya kazi kila mwezi, zilizopigwa kutoka pembe ile ile, zenye tarehe. Kazi hiyo haina mbwembwe ndiyo maana vijana wa harusi hawaitaki. Watakudai TIN (namba ya mlipakodi) na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), kwa hiyo tengeneza karatasi zako kwanza. Ila usijenge nyumba juu yake: ujenzi ukiisha, wajenzi huondoka.

Mahafali nayo sitayazungumza sana, unayajua kuliko mimi. Mzazi amesimama mbali na simu yake, picha ina vichwa vya watu watano, na mtoto anatunukiwa mara moja tu. Printa ndogo inayotoa picha pale pale uwanjani, kabla mzazi hajapanda daladala, itakurudishia fedha yake mapema kuliko droni.

Sasa tuingie stoo.

Hizo negativu za tangu 1998 hakuna kijana mwenye kamera mpya anayeweza kuzinunua mahali popote. Pale Zanzibar, Mji Mkongwe, kuna Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha alizopiga zamani, za masultani, watu, harusi na mitaa, bado zinachapwa na kuuzwa. Wageni na wenyeji wanazifuata. Wewe huna masultani kwenye maboksi yako. Una kitu ambacho kwa mtu wa Ngamiani kina bei zaidi: mama yake akiwa na miaka 30. Fikiria mara ngapi familia imefiwa, wanatafuta picha ya fulana na ya ratiba ya mazishi, wanaambulia ya simu iliyokatwa kwenye kundi, nusu ya bega la mtu mwingine imo. Na wewe unayo, amekaa vizuri, mwanga safi, ndani ya bahasha yenye namba.

Huhitaji mashine ya mamilioni. Weka negativu juu ya taa bapa yenye mwanga mweupe, ipige kwa kamera yako ya kidijitali yenye lenzi ya karibu, kisha mwanao aigeuze rangi kwenye kompyuta. Hiyo ndiyo kazi yake, na nadhani ataipenda kuliko anavyodhani, hasa akianza kukutana na wazee wa mtaani wakiwa bado hawana mvi. Aandike orodha: jina, mwaka, namba ya bahasha, namba ya faili. Orodha hiyo ndiyo duka lenyewe. Bei weka ya kuipata picha, si ya karatasi. Karatasi mtu anaweza kuchapa popote.

Mambo mawili uyashike hapo. Sura ya mtu ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu, kwa hiyo usirushe picha za watu kwenye mitandao ukisema ni tangazo. Mwenye picha, au wa nyumbani kwake, ndiye umwonyeshe. Ukitaka kuionyesha hadharani, muombe ridhaa kwa maandishi. Hata bila sheria, wewe unaijua Tanga: picha ya mwaka 2001 ya mke wa mtu akiwa na bwana wa kwanza inaweza kuleta mengine.

La pili ni hiyo akili mnemba kwenye picha zilizochakaa. Inarekebisha kwa kasi ya kushangaza, inaondoa mikwaruzo, inatia rangi. Lakini palipofutika haikumbuki, inakisia. Nimewahi kuonyeshwa picha ya bibi wa mtu iliyosafishwa hivyo: ngozi nyororo, macho yanang'aa, na si bibi yao. Wajukuu walifurahi, dada yake marehemu, aliyekuwa hai bado, alisema huyu simjui. Mikwaruzo ya pembeni na nguo iachie mashine. Uso rekebisha kwa mkono, kidogo kidogo, ukiwa na mtu aliyemjua amekaa kando yako. Usipokuwa na uhakika, acha kovu la picha libaki. Mteja atakuelewa.

Na uanze sasa, kabla ya masika. Mikanda mingi ile imetengenezwa kwa plastiki ya asetati, na joto la Tanga pamoja na unyevu wa bahari huila taratibu. Toa maboksi juu ya sakafu, yaweke penye hewa, kisha fungua moja moja unuse. Boksi linalotoa harufu ya siki limeshaanza kuoza na linaweza kuambukiza mengine. Litenge, na hilo ndilo mwanao aanze nalo kesho asubuhi.